Mwembe Uliosimama Wima Ndio Unaonitia Hofu

Swali: Habari mtaalamu. Naishi Tabata na watoto watatu, mama mkwe, na familia mbili za wapangaji kwenye vyumba vya uani. Tuna miti mitatu. Mwembe mkubwa alioupanda marehemu baba mkwe, uko mita nne hivi kutoka chumba cha watoto. Mnazi mrefu kando ya bomba la maji. Mwarobaini ulioinamia bati la wapangaji. Wiki iliyopita usiku wa mvua, tawi la mwembe lilianguka likapasua tangi la maji. Ndani ya tawi kulikuwa na unga wa rangi ya kahawia. Shemeji anasema tukate yote mitatu, tuanze na mwarobaini kwa kuwa umeinama. Mama mkwe hataki mwembe uguswe. Fundi mmoja amekuja, anasema kwa shoka na panga anamaliza kwa siku moja, ila anataka hela yote kwanza. Waya wa umeme wa kuja nyumbani unapita kwenye matawi ya mwembe. Mwaka jana tulichimba chemba mpya karibu na huo mwembe, upande wa kusini, sijui kama inahusika. Na chini ya shina kumeota uyoga mgumu. Mume wangu yuko kazini Mwanza. Nianzie wapi?

Jibu:

Dada yangu, pole sana kwa usiku ule. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kuanzia mwisho, kwa sababu mambo mawili uliyoyataja kama nyongeza, chemba na uyoga, yamenishtua kuliko tawi lenyewe.

Kwa hiyo kabla ya mengine yote: usiku wa leo watoto wasilale kile chumba. Wahamishie upande wa mbele, hata kama ni kutandika godoro sebuleni, mpaka mwembe uwe umekaguliwa. Waambie na wapangaji wasipike chini yake, wasianike nguo, na watoto wao wasicheze hapo. Najua ni usumbufu, lakini masika bado inaendelea, na mti wa namna hiyo hausubiri mchana watu wakiwa macho ili wakimbie. Unaweza kuanguka hata usiku, ardhi ikiwa imeshalowa siku kadhaa na upepo ukaja juu yake.

Sasa nikueleze kwa nini nasema hivyo, kwa sababu utahitaji kumweleza shemeji, mama mkwe, na mume kwa simu.

Shemeji yako anaogopa anachokiona, na mwarobaini ulioinama unaonekana. Lakini kuinama peke yake hakutoshi kuuhukumu mti. Nenda usimame mbali kidogo uutazame ubavuni. Kama shina limepinda kama upinde, chini limelala halafu juu limejinyanyua kulifuata jua, basi uliinama ungali mdogo, na miaka yote hiyo umekuwa ukijiongezea mbao na mizizi ya kuushikilia mwinamo wake. Kama shina limenyooka kama rula kuanzia chini hadi juu lakini lote limelala, na udongo upande wa nyuma yake umeinuka au umepasuka, huo umeanza kung'oka na uondoke mara moja. Tofauti hiyo unaiona mwenyewe bila kifaa chochote. Muulize pia mama mkwe, ambaye ameishi hapo muda mrefu: ulikuwa hivi tangu zamani? Akisema ndiyo, na ardhi yake imetulia, mwarobaini utabaki. Utahitaji tu kupunguziwa matawi yaliyo juu ya bati.

Ila usikubali ukatwe kichwa. Hapa Dar tumezoea kuufyeka mwarobaini juu wote ukabaki kama nguzo, tukidhani tumeupunguzia hatari. Baada ya miezi michache unatoa machipukizi mengi marefu, na kila moja limeshikilia ganda la nje tu la shina, halikuanzia ndani kama tawi la asili. Miaka mitatu minne baadaye machipukizi hayo ni matawi mazito yaliyobandikwa, na huku pale juu palipokatwa pameoza. Hapo ndipo bati linapotobolewa. Tawi likatwe pale linapotokea, karibu na shina, bila kuacha kisiki na bila kulichuna shina lenyewe. Na likatwe kwa awamu: kwanza mkato mdogo kwa chini, mbali kidogo na shina, kisha mkato wa juu mbele yake ili tawi lidondoke bila kushuka na gome, halafu ndipo kipande kilichobaki kisawazishwe. Fundi anayejua kazi hatahitaji kuambiwa hivyo. Asiyejua utamtambua hapo.

Turudi kwenye mwembe. Umesimama wima, una kivuli, unazaa, na ndio unaonitia hofu.

Mizizi inayousimamisha mti haiendi chini sana kama watu wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa imo ndani ya mita moja ya juu ya ardhi, nayo imetawanyika pande zote, mara nyingi kupita kivuli cha matawi. Upepo ukiupiga mti, mizizi inayofanya kazi kubwa ni ile ya upande upepo unakotokea, kwa sababu ndiyo inayovutwa kama kamba za hema. Sasa fikiria uwani kwako. Chemba ilichimbwa upande wa kusini. Kuanzia Aprili na kuendelea, upepo unaotawala pwani yetu ni kusi, unaotokea kusini na kusini mashariki. Kama mafundi wa chemba walikata mizizi minene upande huo, na mafundi wa chemba hukata kila wanachokikuta, basi mwembe umepoteza kamba zake upande uleule zinakohitajika, katika msimu uleule ambao ardhi ni laini. Ukienda, utaelekea kaskazini. Hukuniandikia chumba cha watoto kiko upande gani. Toka nje sasa hivi uangalie.

Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka mingi iliyopita, upande wa Temeke, niliitwa kuutazama mwembe uliokuwa wa kijani kibichi, hauna tawi kavu hata moja. Nikasema ni mzima. Sikuuliza kama kuna kitu kilichimbwa karibu. Kulikuwa na msingi wa ukuta uliochimbwa miezi kadhaa nyuma, ukafukiwa na kupigwa saruji, hauonekani. Mvua za vuli zilipokuja mti ule ulilala mzimamzima juu ya jiko la nje, na mama wa nyumba alikuwa ametoka jikoni dakika chache kabla. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza nikifika kwenye nyumba ni hili: mmechimba nini hapa ndani ya miaka mitano? Chemba, bomba, msingi wa ukuta, pevingi, vyote vinahesabika. Majani hayasemi chochote kuhusu hilo, maana mti uliokatwa nusu ya mizizi unaweza kubaki kijani muda mrefu.

Halafu uyoga. Kama ni mgumu kama mbao, umetokeza kama rafu au sikio, juu una rangi ya kahawia na chini mweupe, huenda ni wa jamii ya Ganoderma, ambao hula mizizi na kitako cha shina. Uyoga unaouona ni kama tunda. Mwili wake umo ndani ya mbao, na hadi kufikia kutoa tunda nje umekwisha kula kwa muda mrefu. Kuung'oa na kupaka chokaa, kama wengine wanavyofanya, ni kuliondoa tunda tu. Na ule unga wa kahawia ndani ya tawi lililoanguka ni ushahidi mwingine kwamba uozo umeshapanda hadi juu, au umeingilia kwenye majeraha ya zamani ya kukatwa matawi.

Kuna kipimo unachoweza kuanza nacho mwenyewe mchana usio na upepo. Chukua nyundo ya mbao, au hata mchi, uligonge shina kulizunguka, kuanzia chini hadi kifuani. Mbao nzima inatoa sauti fupi, kavu. Palipo na uwazi panatoa mlio mzito wa ngoma. Weka alama kwa chaki kila mlio unapobadilika. Kisha pima mzingo wa shina kwa futikamba, ugawanye kwa 3.14 upate upana. Wataalamu wa miti hutumia kanuni iliyoenezwa na Mjerumani Claus Mattheck: shina lililo wazi ndani bado linaweza kusimama ikiwa ukuta wa mbao nzima pande zote haupungui theluthi moja ya nusu ya upana wake. Kwa mfano, mzingo wa sentimita 190 ni upana wa kama sentimita 60, nusu yake 30, kwa hiyo unahitaji ukuta mzima wa sentimita 10 kuzunguka lote. Mtaalamu atapima unene huo kwa kutoboa tundu jembamba. Lakini kanuni hiyo inahusu shina lenye mizizi iliyotimia. Kwako mizizi yenyewe ina mashaka, kwa hiyo hata ukuta ukizidi theluthi hiyo usilale usingizi.

Hukumu yangu, kwa uliyoniandikia: mwembe uondolewe, na usisubiri kiangazi. Kama ungekuwa na tawi bovu tu ningekuambia uukate tawi, uukague kila mwaka, maana mwembe mzima uani ni neema na joto la Dar tunalijua. Uyoga kwenye kitako, mizizi ambayo huenda imekatwa, uozo juu na watoto wanaolala mita nne, hayo kwa pamoja sina namna ya kuyatetea. Tangu kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, hatuwezi tena kusema upepo mkali ni mambo ya Msumbiji. Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali kabla kazi haijafanyika, wote mhame upande ule wa nyumba, na wapangaji pia.

Mnazi nautaja kwa kifupi. Ukiwa na makuti ya kijani na umejaa madafu, shina lake si tatizo, kwani mnazi hupinda na upepo na kurudi. Tatizo ni nazi. Nazi ya kilo moja na nusu ikitoka mita 20 inafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa, na nyinyi mnachota maji chini yake. Tafuta mkwezi awe anaangua kila baada ya miezi miwili au mitatu na kuondoa makuti makavu, au hamisha bomba. Lakini ukiona nazi changa zinapukutika, maua yanageuka meusi, na makuti yanakuwa ya njano kuanzia ya chini kwenda juu, huo ni ugonjwa ulioua minazi mingi pwani yetu na hauna dawa ya kuurudisha. Mnazi wa hivyo ukatwe kabla kilele hakijaoza na kudondoka, na asipandishwe mtu juu ya mnazi uliokwisha kufa.

Fundi wako nisingempa kazi hii. Si kwa dharau, wapo mafundi wa mtaani hodari sana, lakini maneno yake yanaonyesha hakuutazama mti wala uwanja. Mwembe wenye urefu wa mita 12 hauwezi kuangushwa kwa shoka kutoka chini kwenye uwani wa Tabata, kwa sababu hakuna mita 12 zilizo tupu upande wowote. Lazima ushushwe vipande vipande kuanzia juu, kila kipande kikiwa kimefungwa kamba. Mbao mbichi ya mwembe ni nzito mno: kipande cha shina chenye upana wa sentimita 50 na urefu wa mita moja kinakaribia kilo 180, yaani zaidi ya mifuko mitatu ya saruji. Kikidondoka bila kamba juu ya chemba mpya, kinaingia nacho chini.

Na kuna jambo gumu zaidi. Mti uliooza kitako ni hatari kwa anayeupanda. Kila kipande kikishushwa kwa kamba shina linatikisika, na mtikisiko huo ndio unaoweza kuling'oa huku kijana wa watu yuko juu. Kwa hiyo uliza kwanza kama gari lenye kreni au kikapu linaweza kuufikia uwani wako, hata kwa kupitia kiwanja cha jirani. Ikishindikana, shina lifungwe kamba imara kuelekea kusini, kwenye kitu kisichong'oka, kabla mtu hajapanda, na matawi ya upande wa nyumba yapunguzwe kwanza kidogokidogo. Mweleze fundi utakayempata kuhusu chemba na uyoga. Akikujibu "haina shida mama, tumezoea," mshukuru umwache aende. Akianza kuuzunguka mti, kuchokoa ardhi kwa nondo na kuuliza mipaka ya chemba, kaa naye mzungumze.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mjumbe au mtu wa ofisi ya serikali ya mtaa: nani analipa bati likivunjika, nani anaondoa magogo, vijana wake wana kofia ngumu, mikanda na kamba za kazi, na akiumia mtu inakuwaje. Hela yote mbele usitoe. Toa sehemu ya kuanzia, sehemu shina likifika chini, na iliyobaki uwani ukishasafishwa. Kazi ianze saa 1 asubuhi na ikomee kabla upepo wa bahari haujaanza kuvuma mchana, hata kama itachukua siku mbili tatu. Siku hizo uwani usibaki mtu, na jirani wa upande wa kaskazini ajulishwe mapema. Kabla ya yote wachungulie kwenye mashimo ya shina kama kuna nyuki. Nyuki wakiamshwa na chenso mtu akiwa juu, hana pa kukimbilia.

Kuhusu umeme sitaki pawe na kubahatisha hata kidogo. Watu wengi huzima swichi kuu au hata kuacha LUKU iishe, wakadhani waya uko salama. Waya unaotoka kwenye nguzo kuja kwenye mita unabaki na umeme wake wa volti 230 hata nyumba yako ikiwa giza. Tawi bichi lililolowa linapitisha umeme, na ngazi ya alumini vilevile. Nenda TANESCO, waeleze kwamba mti unakatwa na waya umepita ndani ya matawi, waje wakate umeme kwenye nguzo au waushushe waya siku ya kazi. Kazi isianze mpaka wamefika, hata kama vijana wameshalipwa nauli. Na tawi likiuangusha waya kabla ya hapo, mtu yeyote asilisogelee wala kulisukuma kwa mti. Kaeni mbali mita 10 na zaidi, mpige TANESCO. Kama kuna aliyenaswa au nyumba inawaka, Zimamoto ni 114.

Kibali anzia ofisi ya serikali ya mtaa wako. Watakuelekeza kwa maofisa wa mazingira na misitu wa Halmashauri ya Jiji, na hapohapo uliza utaratibu wa kusafirisha magogo kama unataka kuyauza. Nenda na picha za uyoga, chemba na tangi lililopasuka, zinaharakisha mambo.

Asije mtu akakushauri kuuchuna gome au kuuchomea moto kitako ili "ufe wenyewe". Mti mfu unakauka, unakatika ovyo, na hakuna fundi mwenye akili atakayekubali kuupanda. Kisiki kikibaki, kikatwe usawa wa ardhi kiachwe hapo, kisichimbuliwe, maana kukichimbua ni kuulegeza ukuta wa chemba na msingi wa nyumba. Mizizi ikioza ardhi itatitia kidogo, utajazia udongo.

Limebaki la mama mkwe, na hili sitaki ulichukulie kama kikwazo cha kuzungukwa. Kwake ule mwembe ni mumewe. Usimwambie mti ni mbovu halafu ukaleta chenso kesho yake. Kaa naye, mwonyeshe uyoga, mgongee shina asikie ule mlio kwa masikio yake, kisha mwambie kwamba mti wenyewe unaweza kuendelea kuishi, kwa sababu mwembe hubebeshwa, yaani ncha ya tawi lake huunganishwa kwenye mche mwingine wa mwembe.

Siku kama saba hadi kumi kabla ya kukata, mwache yeye achague ncha za matawi ya chini, zile zinazofikika ukiwa umesimama ardhini, zenye unene wa penseli na zisizo na ugonjwa. Ziondolewe majani, vibaki vikonyo vyake vifupi, ili macho ya ncha yaanze kuvimba yakiwa bado mtini. Yakishavimba zikatwe, zifungwe kwa kitambaa chenye unyevu na zipelekwe siku ileile kwa muuza miche anayejua kubebesha. Abebeshe angalau miche mitano, maana si yote hushika. Ule utakaoshika utakuwa mwembe uleule wa baba mkwe, maembe yaleyale, na unaweza kuanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hadi minne. Msiupande pale ulipokuwa wa kwanza, uyoga bado umo ardhini. Kama mna kiwanja Chanika au Kibaha upelekeni huko ukapate nafasi. Kama ni lazima ubaki Tabata, uwekwe mbali na chemba na vyumba kadiri uwani unavyoruhusu, na upunguzwe kila baada ya mavuno ubaki na urefu ambao mama mkwe anaweza kuuchuma kwa upondo.